Kabla Hujaifuta Faili Kuukuu, Jiulize Itamwumiza Nani

Je, msomaji, kompyuta za ofisi yenu zimeanza kulalama kwamba nafasi imekwisha? Yamkini umeshapewa amri: "Futa zote za zamani!" Ngoja kidogo. Kabla hujabonyeza, sikiliza kisa cha pwani yetu.

Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hatimiliki, ikamtaka kila mwenye dai la shamba katika ukanda wa maili 10 wa pwani ajitokeze kulithibitisha. Ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa mali ya serikali. Wengi hawakuandikisha lolote. Hadi leo, kutoka Kilifi hadi Magarini ng'ambo ya mto Sabaki, wako wanaoitwa maskwota katika ardhi walimozikwa babu zao. Kwa hivyo, hapa kwetu karatasi ya miaka 100 si takataka.

Sasa tazama faili zenu. Mwaka 2013 mabaraza ya zamani, likiwemo la Manispaa ya Malindi, yaliondoka na serikali ya Kaunti ya Kilifi ikaingia. Baraza limekwisha, lakini ploti lililompa mtu ingalipo. Faili isiyofunguliwa kwa miaka 15 huenda ikahitajika siku moja tu, nayo ni siku ya kesi.

Basi usiulize ilifunguliwa lini. Uliza ikipotea itamwumiza nani. Je, imebeba haki ya mtu: ardhi, mshahara, pensheni au mkataba? Je, ndiyo nakala ya pekee? Ikiwa jibu ni ndiyo, ihifadhi.

Sheria nayo ina neno. Katika ofisi ya umma, kumbukumbu za serikali haziharibiwi bila idhini ya mkurugenzi wa Makavazi ya Kitaifa. Kwa upande mwingine, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakataza kuweka habari za watu binafsi kupita muda unaohitajika. Kwa hivyo usirundike kila kitu. Nakala za ziada, rasimu zilizokwisha kazi na picha za harusi ya karani zinaweza kwenda.

Kuhifadhi ni kuitoa faili katika njia ya kazi za kila siku bila kuitoa nyumbani. Kwanza andika orodha: faili gani, ya mwaka gani, imewekwa wapi. Pili, toa nakala mbili, moja ikae mji mwingine. Mafuriko ya 2018 yaliyofurusha watu Magarini yalitukumbusha kwamba maji hayabishi hodi. Tatu, fungua nakala uone kama zinasomeka, ndipo ufute ya kwanza.

Wala usiziache hapo. Wahenga walisema akiba haiozi, lakini hawakuijua diski. Unyevu na chumvi ya bahari huila, na programu nazo huzeeka. Jaribu leo kusoma disketi ya 1995 uone! Kila mwaka zifungue, na zilizo katika programu zinazokufa zihamishie katika mpya.

Kazi hiyo ni ya siku chache. Mjukuu atakayekuja kaunta kuulizia ploti ya babu yake hatajua jina lako, lakini jibu atakalopewa litategemea uamuzi wako wa leo. Usitupe mbachao kwa msala upitao.