Barabara za Mawe: Warumi, Wasambaa na Miteremko ya Mlola (Sehemu ya Tatu)

Habari za Wakala wa Barabara za Vijijini na Mijini (TARURA) kujenga madaraja ya mawe Kigoma, na barabara za mawe kwenye vilima vya Mwanza, zimenirudisha kwenye jambo ninalolishikilia miaka mingi: milima ya Usambara imejaa mawe, ilhali watu wake wanateleza kwenye tope. Aina za miamba tulizimaliza katika sehemu zilizotangulia. Leo tuingie kwenye ujenzi wenyewe, tukianzia kwa Warumi.

Mwaka 312 KK kiongozi wao Appius Claudius aliamuru ijengwe barabara ya kutoka Roma hadi Capua, Via Appia. Wengi hudhani ilikuwa ya mawe tangu siku ya kwanza. La hasha! Ilianza na changarawe, mawe yakatandikwa kipande kwa kipande miaka iliyofuata. Mwaka 2024 UNESCO iliiingiza katika Urithi wa Dunia, na vipande vyake vingine vinapitika hadi leo. Wajenzi wale hawakuwa na katapila. Walikuwa na subira, na walijua kwamba adui mkubwa wa barabara ni maji.

Kanuni haijabadilika. Jiwe huchongwa kwa nyundo na tindo hadi upande wake uwe wa sentimita 10 hivi. Mawe hupangwa juu ya mchanga uliotandazwa kwenye msingi ulioshindiliwa, katikati pakiinuliwa ili maji yakimbilie mitaroni. Kingo za pembeni ndizo zinazoyabana. Zikilegea, safu nzima hufumuka. Bomba likipasuka chini, mawe hung'olewa, bomba likatengenezwa, na mawe yaleyale yakarudishwa mahali pake. Ethiopia wameifanya kazi hii mijini kwa msaada wa Wajerumani, na maelfu ya vijana wakapata riziki.

Lakini ufundi peke yake hautoshi. Miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha Wasambaa, wenyeji wa milima hii ya Usambara, kulima kwa matuta katika Mpango wa Usambara. Nia ilikuwa kuokoa udongo. Njia ilikuwa amri na adhabu. Wananchi walikataa, na mpango ukaachwa kabla ya Uhuru. Kiongozi asiyesikiliza hupoteza hata lile jema alilolileta.

Nafasi inaniishia, nami sijaigusa Mlola, kata ya hukohuko Usambara, ipasavyo. Niseme hili tu. Kusubiri lami ifike kila kijiji ni kuwaachia wajukuu tope. Halmashauri na TARURA waanze na miteremko mikali ya vijijini, ile inayokwamisha malori ya kabeji na karoti kila masika. Mitaro itangulie, mawe yafuate. Na vijana wa hapohapo wafundishwe kuchonga, kisha walipwe kwa mkataba. Wasiitiwe msaragambo, yaani kazi ya pamoja isiyo na malipo: fundi ana ujira wake.