Miaka 24, uko fiti, lakini mishipa ya moyo inasemaje?

Vijana wengi mtaani tunaamini ugonjwa wa moyo ni wa wazee wenye vitambi. Basi sikiza hii. Wakati wa vita vya Korea, madaktari wa jeshi la Marekani walichunguza mioyo ya wanajeshi 300 waliouawa. Wastani wa umri wao ulikuwa miaka 22. Ripoti ilitoka 1953: zaidi ya 7 kati ya kila 10 walikuwa tayari na dalili za ugonjwa kwenye mishipa inayolisha moyo. Na hawa walikuwa watu wa mazoezi, si wa kushinda kwa kochi.

Siku hizi si lazima mtu afe ndio aonwe ndani. Skani ya CT hupiga picha za moyo kwa dakika chache bila sindano, kisha kalisiamu iliyoganda kwenye mishipa inahesabiwa. Hesabu hiyo huitwa alama ya Agatston, kwa jina la Dkt Arthur Agatston, aliyeichapisha na wenzake mwaka 1990. Sufuri ni poa. Ikifika 100, daktari anakuwa makini. Ikipita 400, mambo ni mazito.

Lakini kijana anaweza kudanganyika hapa. Mafuta yakianza kujijenga kwenye mshipa huwa laini. Kalisiamu huja miaka mingi baadaye, na skani hii huona kalisiamu tu. Kwa hivyo ukipata sufuri ukiwa na miaka 25, si ati umepewa leseni ya sigara na chipsi kila usiku.

Iko skani ya CT inayoonyesha hata mafuta laini, ila hiyo unadungwa dawa kwanza. Zote mbili hutumia miale, na miale haifai kupigwa ovyo. Ndiyo maana huko Marekani hesabu ya kalisiamu hulengwa zaidi watu wa miaka 40 hadi 75, daktari akiwa bado anapima kama waanze dawa.

Kabla ya kuchanga doo ya skani, pima presha, sukari na kolesteroli. Kisha uliza nyumbani: kuna baba au kaka aliyepata ugonjwa wa moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya 65? Kama yupo, mwambie daktari mapema. Na kifua kikikubana leo, usitafute skani. Kimbia hospitali.