Betri ya gari si betri ya nyumba: funzo la safari ya Kitale na Bungoma



Kwa wengi wetu hapa Pwani, Kitale na Bungoma ni majina yanayokuja na malori ya mahindi. Mimi safari hii nimeyafuata huko huko. Rafiki yangu ana Hiace kuukuu iliyokuwa matatu, akaigeuza nyumba: kitanda, jiko la gesi, taa nne, na friji dogo la kutumia umeme wa betri. Alikuwa akimpeleka mamake Bungoma kumwona bintiye aliyeolewa huko, nami nikaomba nafasi. Tulipitia Kitale kwanza. Mama alilala garini, sisi wawili tukalala kwenye hema kando.

Friji lile halikuwa la soda. Mama ana kisukari, na ndani mlikuwa na insulini yake. Usiku wa pili, mnamo saa tisa, friji likanyamaza. Taa nazo zikawa kama mshumaa unaoisha. Kulipokucha tukaenda duka la dawa kununua insulini nyingine, maana hakuna aliyetaka kubahatisha na afya ya mzee. Kisha tukamtafuta fundi.

Fundi aliitazama betri mara moja tu, akauliza: "Hii mlinunua ya gari?" Naam, ilikuwa ya gari. Ilikuwa na miezi saba, na alipoinunua aliambiwa betri ni betri.

Betri si betri. Ya kuwashia injini ina sahani nyingi nyembamba za risasi. Kazi yake ni kutoa nguvu nyingi kwa sekunde chache, kisha oltaneta inaijaza tena. Ile ya matumizi ya nyumbani, ambayo mafundi huiita dipu saiko, ina sahani nene, na hutoa umeme kidogo kidogo kwa saa nyingi. Ya kwanza ni mkimbiaji wa mita mia, ya pili ni hamali wa bandarini. Mkimbiaji ukimtwika gunia kutwa nzima, usimlaumu akianguka.

Lakini hata hamali ana kiasi chake. Betri ya risasi ikitumiwa hadi ikauka, kisha ikaachwa hivyo siku kadhaa, chembe za salfeti hugandamana kwenye sahani na kuwa ngumu. Sehemu hiyo haipokei tena umeme. Ndiyo maana kanuni ya kwanza ni hii: usitumie zaidi ya nusu ya betri, na uijaze kabisa mapema iwezekanavyo.

Kwa hiyo kabla ya kwenda dukani, chukua kalamu. Friji la rafiki yangu hula wati 45, na huwaka kama nusu ya siku, yaani saa 12. Hizo ni wati-saa 540. Taa nne za wati 5 kwa saa nne ni 80. Simu tuseme 30. Jumla ni 650. Gawanya kwa volti 12, unapata kama ampia-saa 54 kwa siku. Kwa kuwa utatumia nusu tu, unahitaji betri isiyopungua ampia-saa 108. Na ukitaka kuvuka siku moja ya mawingu, ambayo Kitale msimu wa mvua si jambo la ajabu, nunua kama 200. Yeye alikuwa na betri ya gari ya 70.

Kuna aina tatu utakazokutana nazo. Ya maji ni nafuu, lakini inataka kuangaliwa, na ikichajiwa hutoa gesi inayoweza kushika moto, basi usiifungie chini ya kitanda pasipo na hewa. Ya jeli na nyinginezo zilizozibwa hazitiwi maji, ila kontrola ya sola lazima iwekwe kwa aina hiyo, la sivyo itazidishiwa chaji na kukauka. Ya lithiamu ni nyepesi, unaweza kutumia asilimia 80 ya uwezo wake, na huchajiwa maelfu ya mara wakati zile za risasi huhesabiwa kwa mamia. Bei yake ya kununulia ni kubwa, na inataka chaja inayolingana nayo.

Ukiwa na gari la kulala kama hilo, betri ya nyumba na ya injini zitenganishwe kwa relei. Ukiendesha, oltaneta inazijaza zote mbili. Ukizima, friji halinyonyi ya injini, na asubuhi gari linawaka. Weka pia fyuzi karibu na betri.

Tulipofika Bungoma, kumbe shemeji naye ana betri ya sola ya maji iliyochoka. Fundi wa huko alifungua vifuniko, tukaona sahani zimejitokeza juu ya maji. Shemeji alikuwa akiongeza maji ya mfereji, na mara nyingine asidi. Yote mawili ni makosa. Kinachopungua ni maji tu, asidi hubaki ndani. Ongeza maji safi ya betri yanayouzwa dukani, baada ya kuchaji, mpaka yafunike sahani. Vaa miwani na glavu, na sigara iwe mbali. Vichwa vya betri visafishwe na kupakwa mafuta ya mgando.

Nunua pia kipimo cha volti. Betri ya risasi ikipumzishwa saa kadhaa bila kuchaji wala kutumika, 12.7 ni kujaa, 12.2 ni nusu, na chini ya 12 ni kuomba msamaha.

Kwetu Pwani kuna adui wa ziada: joto. Mafundi hukadiria kuwa kila nyuzi 10 zinazozidi 25 hupunguza umri wa betri kwa nusu. Betri inayostahimili Kitale penye ubaridi haitadumu vivyo hivyo Mombasa ikiwekwa chini ya bati. Itafutie kivuli na hewa. Na fundi wa sola mwombe leseni yake ya EPRA.

Betri zile mbili mbovu, mnunuzi wa vyuma chakavu alizitaka papo hapo. Nikawasimulia habari za Owino Uhuru, hapa kwetu Mombasa, ambako kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu kilisambaza sumu ya risasi kwa watoto na wazazi wao. Mwaka 2020 mahakama iliamuru walipwe Sh1.3 bilioni, na Desemba 2024 Mahakama ya Juu ikaurejesha uamuzi huo. Basi usimwage asidi shambani, wala usimpe mtu wa kuipasua uani. Irudishe kwa muuzaji wa betri anayepokea kuukuu, wengine hukupunguzia bei ya mpya.

Rafiki yangu alirudi Mombasa na betri mbili za dipu saiko za ampia-saa 100 kila moja. Insulini ya mama ilifika ikiwa baridi.

Tukutane tena, inshallah.