Nyumba ya Kale Jijini Atlanta: Ya Kuuliza Kabla ya Kutia Sahihi

Nyumba zenye baraza pana za mbao katika vitongoji vya Inman Park, Grant Park na West End huwavutia wanunuzi wengi. Anayenunua nyumba ya namna hiyo hununua pia masharti yanayoilinda na hatima ya barabara inayopita mbele yake. Mambo hayo hayaonekani siku ya kuitembelea.

Anza kwa kuuliza nyumba imo katika orodha ipi, kwa maana dalali asemapo “nyumba ya kihistoria” huenda anazungumzia mojawapo ya mambo mawili tofauti kabisa. Daftari la Taifa la Maeneo ya Kihistoria, lililowekwa kwa sheria ya shirikisho ya mwaka 1966, humpa mwenye nyumba heshima zaidi kuliko amri: atumiaye fedha zake mwenyewe hazuiwi na daftari hilo kubadili nyumba, wala hata kuibomoa. Orodha ya jiji ndiyo yenye makali. Nyumba ikiwa ndani ya eneo la kihistoria lililotangazwa na Jiji la Atlanta, kazi nyingi za nje huhitaji kwanza idhini ya urithi. Mmiliki aliyeng’oa madirisha ya mbao ya upande wa mbele na kuweka ya plastiki bila idhini aweza kuamriwa kuyaondoa kwa gharama yake, na mzigo huo waweza kumwangukia aliyenunua baadaye. Kwa hiyo mwombe muuzaji nakala za vibali vya kazi zote za nje. Asipokuwa nazo, ulizia katika ofisi za jiji kabla ya kulipa chochote.

Barabara nayo ina historia yake. Katika miaka ya 1960 serikali ya jimbo ilinunua na kubomoa mamia ya nyumba ndani na kandokando ya Inman Park ili kupitisha barabara kuu. Wakazi waliipinga hadi mpango ukaachwa, na sehemu ya ardhi hiyo leo ni Freedom Parkway, iliyofunguliwa mwaka 1994. Wakazi wa Sweet Auburn hawakubahatika hivyo: barabara kuu ilijengwa na kukipasua kitongoji chao vipande viwili. Ulizia mipango ya barabara iliyopo sasa, kisha itazame ramani ya upimaji wa kiwanja. Ua au ngazi za mbele zikiwa ndani ya hifadhi ya barabara, si mali ya muuzaji, hata kama zimesimama hapo miaka mingi.

Katika jimbo la Georgia jukumu la kukagua humwelemea mnunuzi. Muuzaji haruhusiwi kuficha kasoro kubwa anayoijua na ambayo ukaguzi wa kawaida hauwezi kuifichua, lakini kasoro ambayo wewe ungeweza kuiona ni juu yako. Kwa nyumba iliyojengwa kabla ya 1978, sheria ya shirikisho humtaka muuzaji aeleze analolijua kuhusu rangi yenye madini ya risasi, na hukupa siku 10 za kupima, isipokuwa mkikubaliana vingine. Usizisamehe siku hizo ikiwa una watoto wadogo.

Kodi ndiyo inayowashtua wengi, na kwa maoni yetu ndiyo iliyo rahisi kuliko yote kuikadiria mapema. Kiasi kilichoandikwa katika tangazo la mauzo mara nyingi ni kile alicholipa mmiliki wa zamani baada ya misamaha yake, na misamaha hiyo haiuzwi pamoja na nyumba. Hesabu upya. Georgia hutoza kodi juu ya asilimia 40 ya thamani ya soko: nyumba ya dola 400,000 huhesabiwa dola 160,000 kabla ya kuondoa msamaha wowote unaostahili wewe. Ukiwa unamiliki na kuishi humo tarehe 1 Januari, omba msamaha wa mwenye makazi katika kaunti yako kabla ya tarehe 1 Aprili kupita. Na ukiona thamani uliyopangiwa imezidi, una siku 45 za kukata rufaa, zinazohesabiwa tangu tarehe iliyo kwenye taarifa ya makadirio, si tangu siku uliyoifungua bahasha.