Muhanga

Muhanga (jina la kisayansi: Orycteropus afer) ni mamalia mchimbaji anayeishi Afrika kusini kwa Sahara. Ni spishi pekee iliyobaki ya oda Tubulidentata. Watu wengine humchanganya na kakakuona, kwa kuwa wote wawili hula mchwa. Lakini kakakuona ana magamba, ilhali muhanga ana ngozi nene yenye nywele chache.

Maelezo

Kwa kawaida ana uzito wa kg 40 hadi 65. Ana pua ndefu, masikio marefu na mkia mnene. Miguu ya mbele ina vidole vinne na ya nyuma vitano, vyenye kucha bapa na imara. Meno yake hayana gamba gumu la nje, nayo hukua maisha yote.

Chakula na mwenendo

Mchana hulala shimoni, na usiku hutembea kilomita kadhaa akinusa mchwa na sisimizi. Akifika kwenye kichuguu hukivunja kwa kucha, kisha huingiza ulimi wake unaonata, ambao unaweza kufikia sm 30. Anapochimba hufunga matundu ya pua ili vumbi lisiingie.

Uzazi

Mimba huchukua takriban miezi saba, na kwa kawaida huzaliwa mtoto mmoja mwenye kg 2 hivi. Baada ya wiki mbili hivi huanza kumfuata mama yake nje.

Makazi na faida

Misitu ya miombo ya magharibi mwa Tanzania, kama ile ya Tabora na kata zake mfano wa Ntalikwa, ambako misafara ya Bagamoyo na Ujiji ilipita, ina vichuguu vingi na ni makazi yanayomfaa. Mashimo anayoyaacha hutumiwa na ngiri, nungunungu, fisi na chatu kujificha, kulala au kuzalia.

Huko Australia kazi kama hiyo hufanywa na bilbi, mnyama wa jangwani anayebeba watoto mfukoni. Mfuko wake hufunguka upande wa nyuma ili usijae udongo anapochimba. Wanyama hawa wawili hawana udugu wa karibu. Mazingira ndiyo yaliyowafanya wafanane mwenendo.

Hatari

Kwa jumla muhanga hajaorodheshwa na IUCN kuwa hatarini. Hata hivyo huwindwa kwa ajili ya nyama, na wakulima wengine humwua kwa sababu ya mashimo yake. Mkoani Tabora miombo hukatwa kwa kilimo na kwa kuni za kukaushia tumbaku ya mvuke kwenye mabani. Ukame nao huua: mwaka 2013, katika Kalahari ya Afrika Kusini, muhanga wengi waliokuwa wakifuatiliwa na watafiti walikufa kwa kukosa chakula.

Muhanga akitoweka mahali, mashimo ya zamani hubomoka na mapya hayachimbwi. Hasara hiyo huwafikia wanyama wote waliozoea kuyatumia, na mchwa wanaotafuna mabua ya mahindi na nguzo za nyumba hupungukiwa adui mmoja mkubwa.