Kwa nini waziri wa michezo hawezi kulivunja shirikisho la soka?

Kila serikali inapokwaruzana na viongozi wa soka, swali ni lile lile: wizara ndiyo inayoilipia timu ya taifa tiketi za ndege, mbona basi haiwezi kuwafukuza wanaoiongoza? Kisa cha Kenya kinatusaidia kulijibu.

Novemba 2021, waziri wa michezo wa wakati huo, Amina Mohamed, alilivunja Shirikisho la Soka la Kenya, FKF, kufuatia ukaguzi wa matumizi ya fedha. Akaunda kamati ya muda chini ya jaji mstaafu Aaron Ringera. Februari 2022, FIFA iliisimamisha Kenya uanachama, pamoja na Zimbabwe, ambako pia chombo cha serikali kiliwaweka kando viongozi wa soka.

Tutenganishe mambo mawili. Wizara ni mkono wa serikali. Hutunga sera, huomba bajeti bungeni, na kupitia taasisi ya Sports Kenya husimamia viwanja kama Kasarani na Nyayo. Sheria ya Michezo ya 2013 iliweka pia msajili wa michezo na baraza la kuamua migogoro. Shirikisho, kwa upande wake, huchagua viongozi wake kwa kura za wajumbe na ni mwanachama wa FIFA, ambayo katiba yake inataka kila mwanachama ajiendeshe bila kuingiliwa na mtu wa nje. Waziri naye anahesabiwa mtu wa nje.

Je, hii ina maana viongozi wa soka hawaguswi? La. Fedha za umma zinaweza kukaguliwa, na anayeshukiwa kuiba anaweza kushtakiwa mahakamani kama raia mwingine yeyote. Anachokatazwa waziri ni kuwaondoa waliochaguliwa na kuweka watu wake.

Waliolipia mvutano huo ni wachezaji. Mapema 2022, Harambee Starlets walitakiwa kucheza na Uganda kuwania kufuzu Kombe la Mataifa ya Afrika kwa Wanawake. Timu ikaondolewa, Uganda ikasonga mbele bila jasho. Baadaye Harambee Stars waliondolewa katika mechi za kufuzu AFCON 2023, katika kundi lililokuwa na Cameroon, Namibia na Burundi. Kwa mchezaji ambaye miaka yake ya kucheza inahesabika, mwaka mmoja uliopotea haurudi.

Adhabu iliondolewa Novemba 2022, baada ya waziri mpya, Ababu Namwamba, kuwarejesha viongozi wa FKF. Mabadiliko ya uongozi yalikuja kwa njia nyingine: Desemba 2024 wajumbe walipiga kura na kumchagua Hussein Mohammed kuwa rais wa shirikisho. Agosti 2025, Kasarani ikapokea fainali ya CHAN, mashindano ambayo Kenya iliyaandaa pamoja na Tanzania na Uganda.

Nchi hizo tatu zimepewa pia AFCON 2027. Basi ukitaka kuibana wizara, iulize kuhusu viwanja, bajeti na ripoti za ukaguzi. Ukitaka uongozi wa soka ubadilike, anza na klabu yako: uliza nani anakwenda kupiga kura kwa niaba yenu, na atampigia nani.