Nyama ya Kusaga na Rojo Lake katika Mapishi ya Baraka

Ugumu wa nyama ya ng'ombe inayopikwa Baraka na Fizi huanzia malishoni, kwa kuwa ng'ombe wa nyanda za juu za Itombwe na Minembwe hulishwa nyasi, hutembezwa masafa marefu wakati wa kiangazi, na mara nyingi huchinjwa wakiwa wamekwisha kukomaa. Misuli iliyofanya kazi kiasi hicho hujaa kolajeni, yaani protini inayozishikamanisha nyuzi za nyama, ambayo hailainiki mpaka ikae kwa saa kadhaa katika joto linalozidi nyuzijoto 70 za Selsiasi na kugeuka polepole kuwa jelatini, ule ute unaoufanya mchuzi wa mifupa ugande ukipoa. Mwinuko wa nchi nao una lake: Baraka, iliyo kando ya Ziwa Tanganyika kwenye mita 770 hivi, maji huchemka yakikaribia nyuzijoto 97, lakini Minembwe, juu ya mita 2,000, hutokota yakiwa na 93 tu, hivyo nyama ileile huchelewa zaidi kuiva.

Saa hizo za kupika hulipiwa kwa makala, na nyama yenyewe imeadimika tangu makundi mengi ya ng'ombe yalipoporwa katika mapigano ya miaka ya karibuni. Kwa sababu hiyo nyama ya kusaga inastahili heshima kubwa kuliko inayopewa, kwani kisu huzikata nyuzi ambazo moto ungehitaji nusu siku kuzilegeza, na nusu kilo ikitiwa katika rojo, yaani mchuzi mzito, hutosha jamaa nzima.

Pasipo mashine, nyama hukatwa vipande vyembamba kukingama nyuzi, vipande vikakatwa tena kuwa vijiti, kisha vijiti vikapigwapigwa kwa kisu kizito juu ya ubao, rundo likikunjwa na kugeuzwa kila mara mpaka lishikamane bila kuwa uji. Chumvi husubiri, kwa maana ikitiwa mapema huyeyusha protini za nyama na kuifanya iwe ngumu ya kudunda, jambo linalofaa kwa madonge lakini si kwa nyama inayotakiwa kuachana katika rojo.

Ladha hupatikana katika dakika kumi za kwanza juu ya mbabula, na hapo ndipo wapishi wengi huharakisha. Nyama ikirundikwa yote kwa pamoja hutoa maji na kuchemka ndani yake, ikabaki ya kijivu. Ikitiwa kidogo kidogo katika sufuria yenye mafuta ya moto, maji hukauka, sauti hubadilika kutoka mtokoto mzito kuwa mchakariko mkavu, na uso wa nyama huanza kuwa wa kahawia. Badiliko hilo, ambalo tabibu Mfaransa Louis-Camille Maillard alilieleza mwaka 1912, hutokea protini na sukari zinapokutana katika joto la nyuzijoto 140 hivi, joto ambalo maji yanayochemka hayawezi kulifikia kamwe. Kitunguu na nyanya hufuata, na unyevu wake huubandua ukoko wa kahawia ulioshika chini, ambao haufai kuoshwa wala kutupwa kwa kuwa ndio roho ya rojo, mradi haujaungua ukawa mweusi.

Vikombe viwili vya maji vikishaongezwa, nyama huachwa itokote taratibu mpaka isibaki na wekundu wowote, kwani kusaga huvieneza vijidudu vya juu ya nyama hadi ndani, navyo huhitaji nyuzijoto 71 kila mahali ili vife.

Ili rojo liwe zito zaidi, Wazungu hutumia unga wa ngano. Fizi ina muhogo, zao lililoletwa Afrika na Wareno kutoka Amerika ya Kusini katika karne ya 16, ambao wanga wake huvimba na kunyonya maji mapema kuliko wa ngano na kulipa rojo mng'ao. Vijiko viwili vya unga uliochekechwa hukorogwa kwanza katika maji baridi, kwa sababu unga mkavu ukikutana na mchuzi wa moto hufanya madonge, kisha humiminwa mwishoni huku mwiko ukizunguka, na baada ya dakika mbili sufuria huepuliwa, maana wanga wa muhogo ukichemshwa mno huvutika kama utelezi wa bamia. Huepuliwa rojo likiwa bado jepesi kidogo, kwa vile litaendelea kuwa zito likipoa kando ya bugali.